Mzabibu Mchanga na Mvua za Fort Ternan



Ametuandikia dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ndoa ilimchukua hadi Fort Ternan, pale ambapo milima ya chai ya Kericho inateremka kuikuta miwa ya Koru na Muhoroni. Yeye na wanawake wenzake sita wamekodi nusu eka yenye miwa iliyokwisha kuchoka. Malipo ya miwa huja kwa kuchelewa, na yakija huwa yamekatwa hapa na pale hata hayatoshi karo ya muhula mmoja. Kwa miaka mitatu wamejiwekea akiba katika chama chao. Sasa amewajia muuza miche, akawaahidi kwamba wakiing'oa miwa na kupanda mizabibu 400, mwaka hautatimia kabla hawajavuna. Dada anauliza namna ya kupanda. Kisha, mwishoni mwa barua, kwa mstari mmoja tu, anaongeza: na zabibu hizo, atakayezinunua ni nani?

Mstari huo wa mwisho ndio nitakaoanza nao, kwa sababu unatangulia jembe. Mzabibu si mchicha. Ukishashika ardhi huweza kuishi miaka ishirini, thelathini na zaidi, na aina uliyoipanda siku ya kwanza ndiyo utakayokaa nayo. Tuangalie Dodoma, ambako ndiko zabibu zilikokita mizizi kuliko mahali pengine popote katika Afrika Mashariki yetu. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wamepanda kwa wingi aina mbili: ile nyekundu iitwayo Makutupora na ile nyeupe iitwayo Chenin Blanc. Zote mbili ni zabibu za kukamuliwa, na soko lake kubwa ni viwanda vya mvinyo. Naivasha, hapa Kenya, mizabibu imepandwa kwa kusudi hilo hilo. Basi mwenye kununua miche bila ya kuuliza jina lake anaweza kujikuta, mwaka wa tatu, ana shehena ya zabibu ambazo hakuna azitakaye isipokuwa mtengenezaji wa mvinyo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, wameliweka jambo hili wazi. Anayejua, au anayedhani kwa nguvu, kwamba mnunuzi wake atazigeuza zabibu kuwa ulevi, kumuuzia ni haramu. Mwenye shaka tu, kumuuzia ni makuruhu. Kwa hiyo swali la dada si la pembeni. Njia ya kuliepuka ni kuchagua, kabla ya shimo la kwanza, zabibu za kuliwa mezani au za kutengenezea maji ya matunda na jamu.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia na kutuharibia mahesabu mepesi. Dodoma ni nchi kavu: mvua yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 600 au pungufu, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kisha jua likatawala miezi mingi. Kericho mjini hupata zaidi ya milimita 1,800. Fort Ternan iko chini zaidi ya Kericho, katika mita elfu moja na mia tano na ushei juu ya bahari, nayo hupata mvua pungufu kuliko mji huo, lakini bado ni zaidi ya maradufu ya ile ya Dodoma. Anayepanda mzabibu Dodoma anahangaika namna ya kuufikishia maji. Anayepanda Fort Ternan atahangaika namna ya kuyaondoa, kwenye mizizi na kwenye majani. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Dodoma yakichukuliwa kama yalivyo yakapelekwa huko, yatamponza mtu.

Zipo aina zinazostahimili unyevu kuliko nyingine. Isabella, zabibu nyeusi yenye asili ya Marekani, imepandwa katika nchi nyingi za joto na mvua kwa sababu ukungu hauiangushi kwa urahisi. Ngozi yake ni nene na huvuka kutoka kwenye nyama ya tunda, na harufu yake ni kali. Si zabibu ya kuwekwa kwenye sahani ya wageni wa heshima, lakini kwa maji ya matunda na jamu haina mfano. Ningeanza na hiyo. Zabibu tamu za mezani zenye ngozi nyembamba zipandwe miche miwili mitatu tu, karibu na nyumba, mahali ambapo jicho la mwenyewe linafika kila siku. Na kama kuna mwenye ndoto ya kukausha zabibu za kutia kwenye biriani na tambi za Idi, aiweke kando kwanza. Kukausha kunataka wiki kadhaa za jua lisilokatizwa na hewa kavu, na Fort Ternan haina ahadi hiyo.

Sasa twende shambani.

Kiwanja kitafutwe kwenye mteremko. Ule ubapa wa chini ambako miwa hustawi, ardhi nzito nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika, si mahali pa mzabibu. Kuna kipimo chepesi ambacho hakihitaji mtaalamu: chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena. Kesho yake wakati kama ule lichungulie. Ukikuta maji bado yamesimama, hamia kwingine. Mizizi ya mzabibu haipendi kukaa ndani ya maji. Huoza, na mche hufa polepole huku mwenyewe akidhani una kiu na kuzidi kuumwagilia.

Upepo nao ni rafiki hapa. Kwa kuwa Fort Ternan iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua hupita juu kwa juu mwaka mzima, na haina tofauti kubwa mistari ikielekea upande gani. Basi mistari ielekezwe kule upepo wa mchana unakopita, ili majani yakauke upesi baada ya mvua. Mikaratusi ya jirani au ua mrefu wa mimea unaozuia upepo ni jambo la kuepukwa.

Kuhusu udongo, yataka tahadhari. Mzabibu unataka udongo usio na tindikali kali, wa kipimo cha kati ya 5.5 na 7. Chai inapenda tindikali, na ndiyo sababu imestawi Kericho. Lakini Fort Ternan haina udongo wa namna moja. Mwaka 1961 Louis Leakey alianza kuchimbua hapo mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe, yenye umri wa takriban miaka milioni 14, na mifupa hiyo ilihifadhika kwa sababu ilifunikwa na majivu ya volkano ya Tinderet yaliyojaa madini ya chokaa. Udongo wa tindikali kali hauuhifadhi mfupa kiasi hicho, huula. Kwa hiyo kilima kimoja kinaweza kuwa na udongo wa chokaa na cha jirani kikawa na udongo wa chai. Chukueni udongo kutoka pembe nne na katikati ya kiwanja, wa juu na wa kina cha jembe, uchanganywe, upelekwe maabara ya KALRO au kwa afisa wa kilimo wa kaunti. Ikionekana tindikali imezidi, itawekwa chokaa ya kilimo, ambayo kwenu si ya kusafirishwa mbali, maana mawe ya chokaa huchimbwa Koru hapo jirani. Iwekwe miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, kwa kiasi kitakachotajwa na maabara. Isiwe chokaa kali ya kupakia nyumba.

Mashimo yawe ya sentimita 60 kwa upana, urefu na kina. Udongo wa juu uwekwe upande wake, wa chini upande wake. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza barabara, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu ya zizi. Samadi mbichi itaunguza mizizi michanga, na tena hukaribisha mchwa. Mchanganyiko huo ndio unaorudi chini ya shimo kwanza. Udongo wa chini humalizia juu. Shimo lijazwe majuma mawili au zaidi kabla ya kupanda ili udongo ukae. Na hapa ndipo Fort Ternan inapoachana na Dodoma: msiishie usawa wa ardhi. Endeleeni kujaza mpaka pafanyike tuta la mviringo lililoinuka sentimita 20 hadi 30, lenye upana wa kama mita moja, na juu ya mteremko pachimbwe mtaro wa kuyapitisha maji ya mvua pembeni. Mzabibu ukae juu ya tuta kama mgeni aliyewekewa kiti.

Nafasi kati ya mche na mche iwe mita mbili, na kati ya mstari na mstari mita mbili na nusu. Msishawishike kubananisha ili miche mingi iingie. Mizabibu iliyobanana mahali pa mvua hupeana ukungu kama watoto wa chumba kimoja wanavyopeana mafua.

Miche inaweza kununuliwa au kutengenezwa. Kutengeneza ni rahisi na hupunguza gharama, mradi mama yake ni mzabibu mnaoujua kwa jina na mliouona ukizaa. Kata vipandikizi kutoka kwenye matawi yaliyokomaa ya msimu uliopita, yaliyogeuka rangi ya kahawia, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimita 30 hadi 40, kila kimoja kikiwa na macho matatu au manne. Chini kikatwe sawasawa, chini kidogo tu ya jicho. Juu kikatwe kwa mshazari, sentimita mbili hivi kupita jicho la juu. Ukataji huu wa namna mbili si urembo. Kipandikizi kikishalala kwenye fungu, ncha zake mbili hufanana, na kikipandwa kichwa chini hakitaota. Kitiwe ndani ya kiriba chenye udongo mwepesi, macho mawili yakiwa chini ya udongo, kiwekwe kivulini na kumwagiwa bila kuloweshwa. Majani yatatoka mapema, hata kabla ya mizizi, na hayo yamewadanganya wengi. Kipeni miezi minne hadi sita. Kiriba kikishikwa chini na kuonekana mizizi myeupe inayosukuma kutoka, hapo mche uko tayari.

Wanaouza miche ya kubebeshwa, yaani tawi la aina moja lililoungwa juu ya mzizi wa aina nyingine, watawatoza zaidi. Ubebeshaji huo una historia. Katika karne ya 19 mdudu mdogo wa mizizi kutoka Marekani aliiangamiza mizabibu ya Ufaransa, na iliyowaokoa ni mizizi ya mizabibu ya Marekani yenyewe, ambayo ilikwisha kumzoea. Mkinunua miche hiyo, lile fundo la maungio libaki juu ya udongo kwa kiasi cha sentimita 5 hadi 10. Likifukiwa, tawi la juu litaota mizizi yake lenyewe na fedha mliyoongeza itakuwa imepotea.

Siku ya kupanda iwe ya mawingu, au kazi ianze alasiri. Kiriba kichanwe ubavuni na kuvuliwa. Usiuvute mche kwa shina lake. Mizizi iliyojizungusha chini kama kamba ifunguliwe kwa vidole, na iliyovunjika ikatwe. Mche ukae kwa kina kile kile ulichokuwa nacho ndani ya kiriba. Udongo ukandamizwe kwa viganja, si kwa kisigino. Kisha umwagiwe lita kumi za maji hata kama mvua iko njiani, maana kazi ya maji hayo ni kuuleta udongo ugusane na mizizi. Usiweke mbolea ya dukani ndani ya shimo. Chumvi yake ikigusa mizizi michanga huiunguza. Nyasi kavu zitandazwe juu ya tuta, lakini ziache duara la upana wa kiganja kulizunguka shina, ili pasiwe na unyevu wa kudumu wala maficho ya mchwa na panya.

Mche ukiwa umelala, hauna majani, ukatwe ubakie na macho mawili tu. Najua mkono utasita. Mtu amelipia mche wa urefu wa dhiraa moja, anaambiwa aukate ubaki kama kidole! Lakini mizizi iliyohamishwa haiwezi kulisha macho kumi. Yakibaki mawili, chipukizi litakalotoka litakuwa na nguvu.

Yatokapo machipukizi, yaacheni yafike urefu wa shubiri moja, kisha chagueni moja, lile nene lililosimama wima zaidi, na mengine yote yang'olewe kwa vidole. Hilo moja ndilo litakalokuwa shina la mzabibu kwa maisha yake yote. Lichomekewe kijiti cha mwanzi kirefu kumpita mtu, lifungwe kwa ukamba wa mgomba kila baada ya shubiri mbili. Fundo lizunguke kwanza mwanzi, kisha shina kwa ulegevu, kwani shina litanenepa na fundo lililokazwa litalikata. Vile vikono vinavyojisokota huishika mianzi vyenyewe, ila visiachwe vikalisonga shina. Kila juma mtu apite akivunja vichipukizi vya kando vinavyotoka kwapani mwa majani ya chini. Kazi hii ni nyepesi, yafaa hata watoto wakitoka madrasa, lakini ikiachwa mwezi mmoja mzabibu hugeuka kichaka.

Shina likifika kwenye waya au kwenye kichanja, ncha yake hukatwa. Hapo huchepua matawi ya kando, mawili huchaguliwa, moja kulia na moja kushoto, nayo ndiyo mikono ya mzabibu. Kwa Fort Ternan ningependelea kichanja cha juu, cha mita mbili kutoka ardhini, kuliko waya wa chini: majani huwa mbali na matope yanayorushwa na matone ya mvua, na upepo hupita chini yake. Kichanja si kitu kigeni kwetu. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anataja mabustani yaliyotengenezewa vichanja na yasiyotengenezewa. Nguzo ziwe za mti mgumu uliopakwa oili chafu sehemu ya chini, na zisimikwe kabla ya kupanda, si baada, ili sururu isije ikakata mizizi.

Nimefika kwenye maua, na ndipo penye ugomvi wangu na muuza miche.

Ahadi yake si uongo mtupu. Mzabibu wa kipandikizi katika nchi zetu za joto, ambako hakuna baridi ya kuulaza, unaweza kutoa vishada kabla ya mwaka kutimia. Lakini vishada hivyo huliwa kwa mkopo. Mche wa miezi kumi ukiachwa uzae, sukari yote inayotengenezwa na majani yake huenda kwenye tunda badala ya kwenda kwenye mizizi na shina. Mwaka wa pili unakuwa dhaifu, mvua ya masika inaukuta na mizizi mifupi, na ugonjwa wa kwanza unaopita unauchukua. Vishada vyote vya mwaka wa kwanza viondolewe vikiwa bado vidogo kama punje za mtama. Mwaka wa pili mche wenye afya uachiwe kishada kimoja au viwili vya kuonja, basi. Mavuno ya kuhesabika yahesabiwe kuanzia mwaka wa tatu. Kwa hiyo chama kinachotegemea zabibu zilipe karo ya mwakani kimepewa hesabu isiyo sahihi, na afadhali kuijua leo, akiba ikiwa ingali mkononi.

Ukungu ndio utakaowashughulisha zaidi. Upo wa namna mbili. Mmoja huanza kama madoa ya manjano juu ya jani, kana kwamba limedondokewa na mafuta, na asubuhi ya baada ya mvua ukiligeuza jani huona manyoya meupe chini yake. Mwingine ni unga mweupe kama wa muhogo unaotanda juu ya jani na juu ya tunda. Wataalamu huuita ubwiri unga, nao huzuiliwa kwa salfa, isiyopuliziwa jua likiwa kali. Ule wa kwanza ndio adui wa nchi ya mvua. Dawa yake ya kale ni mrututu na chokaa. Katika miaka ya 1880 wakulima wa karibu na Bordeaux, Ufaransa, walikuwa wakiirashia mchanganyiko huo wa buluu mizabibu iliyo kando ya njia ili wapita njia wasiibe. Mwanasayansi Millardet akaona kwamba ile ya kando ya njia imebaki na majani ilhali ya ndani imepukutika, akaichunguza dawa na kuitangaza mwaka 1885.

Kwa majani machanga inatosha gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chokaa katika lita kumi za maji. Mrututu uyeyushwe peke yake ndani ya ndoo ya plastiki, chokaa peke yake, kisha mrututu umiminwe ndani ya chokaa huku ukikorogwa. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua. Ipuliziwe kabla ya mvua kubwa, majani yakiwa makavu, juu na chini ya jani, na itumike siku ile ile. Mpuliziaji avae glavu na afunike uso, na ndoo ile isirudi jikoni. Wale wenzetu waliojifunza kwa jamaa wa Ghuba kufungia wali na nyama ndani ya majani ya mzabibu watenge mzabibu mmoja usiopuliziwa kitu, kwa ajili ya jikoni.

Nirudi kwenye ile nusu eka. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, na kwa nafasi niliyoitaja huingia miche 400 kweli. Hapo muuza miche alihesabu sawa. Lakini mashimo 400 ya ujazo ule, madebe 400 ya samadi, nguzo, waya na dawa ni gharama itakayoimaliza akiba yote kabla ya kishada kimoja. Na ardhi yenyewe ni ya kukodi! Mmea wa miaka thelathini juu ya mkataba wa miaka mitatu au mitano ni sadaka kwa mwenye shamba. Rai yangu ni kwamba miwa ibaki pale ilipo. Pandeni miche 20, juu ya ardhi iliyo milki ya mmoja wenu, kwa maandishi ya makubaliano baina yenu saba. Miche 20 huenea katika mita kumi kwa kumi. Katikati ya mistari, miaka miwili ya kwanza, pandeni maharage au karanga, vitu vifupi visivyopanda juu ya mzabibu. Hivyo ndivyo vitakavyoleta fedha ndogo ya mwaka huu. Mahindi msiyapande humo, kwani yatazuia upepo. Mbuzi wazuiliwe kwa ua, maana mbuzi mmoja kwa mchana mmoja hufuta kazi ya miezi minane.

Masika mawili yakipita juu ya miche hiyo 20, mtajua mnachohitaji kukijua: ni mingapi imesimama, ni dawa kiasi gani imekwenda, na ni nani huko Kericho, Muhoroni na Kisumu anayenunua zabibu za kula. Hapo ndipo izungumzwe habari ya 400.

Ametaja pia zaka. Katika madhehebu yetu, matunda ya miti yanayotolewa zaka ni tende na zabibu. Kiwango chake ni wasaq tano, ambazo wengi wa wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa karibu kilo 653, zikipimwa kwa makadirio ya zabibu zilizokauka. Na kwa kuwa zabibu mbichi hupungua mpaka kama robo ya uzito wake, hiyo ni zaidi ya tani mbili na nusu za zabibu mbichi. Shamba linalonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi, na linalonyweshwa kwa gharama na taabu hutoa nusu ya hiyo. Kwa miche 20 hamtafika hapo. Mkifika kwenye 400, mwendeeni shekhe wa msikiti wenu kabla ya mavuno ya kwanza, kwa sababu hesabu ya mali ya ushirika ina masharti yake.

Na kwa kuwa kila kazi ina wakati wake huko juu: miezi mikavu yenu ni Desemba hadi Februari, na mvua kubwa ni Aprili na Mei. Vipandikizi vikatwe Septemba ili vipate mizizi kabla ya masika. Udongo upelekwe kupimwa mnapomaliza kukata vipandikizi, chokaa imwagwe kabla ya mwaka kwisha, mashimo yachimbwe Januari udongo ukiwa mwepesi kwa jembe, yajazwe Februari, nguzo zisimikwe, na miche iingie ardhini mara mvua za mwisho wa Machi zitakapoanza kushika. Miaka miwili baadaye, mzabibu utakapokuwa tayari kuzaa, upogoaji mkubwa ufanywe mnamo Agosti au Septemba. Kutoka kupogoa mpaka kuvuna ni miezi minne au mitano, na hivyo vishada vitaivia kwenye ukavu wa Januari badala ya kupasukia kwenye mvua za Aprili.

Juma lijalo, inshaallah, tutamjibu msomaji wetu wa Lamu aliyeuliza kwa nini ndimu zake zinadondosha maua.

Wabillahi tawfiq.